Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Chuo Chetu: Kumbukumbu Mmeziomba, na Maksi Zetu Je?

Malindi

Kwa Mheshimiwa Naibu Chansela,
Mwenyekiti na wajumbe wa Baraza la Chuo,
Msajili wa Masuala ya Taaluma.

KUH: KIJITABU CHA KUMBUKUMBU NA HATI ZETU ZA MASOMO

Waheshimiwa,

Tunawaamkua kwa heshima. Sisi ni wanafunzi wa zamani wa tawi la Malindi, wale wa mikupuo ya mwanzo. Wengine tuna vyeti, wengine tuna transkripti (hati za alama za mitihani) zenye mapengo, na wengine tuna risiti za karo tu. Tunaandika hadharani kwa sababu milango ya ndani tumeibisha hadi tukachoka. Barua zimeletwa kwa mkono zikagongwa muhuri wa kupokelewa. Barua pepe zimetumwa. Wenzetu wamefunga safari hadi makao makuu ya chuo, wakaambiwa afisa anayehusika yuko mkutanoni, au yuko likizo, au amehamishwa na aliyechukua nafasi yake hajakabidhiwa faili.

Kilichotufanya tushike kalamu leo ni ujumbe wenu wenyewe. Afisi yenu ya uhusiano mwema imetuandikia kwamba chuo kinakua, kinaadhimisha miaka yake ya mwanzo, na kwamba kinatayarisha kijitabu cha kumbukumbu za maisha ya uanafunzi. Tukaombwa tuandike ukurasa mmoja kila mtu, na picha “yenye furaha”. Wengi tulifurahi kweli, tukaandika. Baadhi ya wenzetu, chini ya kumbukumbu zao, wakaongeza swali dogo: transkripti yangu iko wapi? Majibu yaliyorudi yalikuwa ya aina moja. Asante kwa picha, tafadhali itume tena ikiwa wazi zaidi. Kuhusu transkripti, kimya.

Basi kumbukumbu ni hizi. Zimezidi ukurasa mmoja, mtuwie radhi.

Tawi la Malindi, kwa wale kati yenu mlioajiriwa baadaye na hamkuliona, lilikuwa ghorofa mbili za kupanga juu ya maduka, si mbali na soko. Chini paliuzwa simiti, misumari na mabati. Kumbi za mihadhara zilikuwa vyumba vilivyotenganishwa kwa mbao nyembamba, kiasi kwamba aliyekaa karibu na ukuta alisoma masomo mawili kwa karo moja. Sisi wa Kiswahili tulikuwa tukifundishwa fonolojia huku sikio la pili likipokea somo la uchumi kutoka chumba cha pili, na yupo komredi mmoja aliyeapa kwamba angefanya mtihani wa uchumi na kupita. Mwenye duka akipakua mabati, mihadhara yote miwili husimama. Adhana ikisikika, mhadhiri hunyamaza mwenyewe bila kuambiwa, Mwislamu au Mkristo, akaendelea ikiisha. Umeme ukikatika jioni tulipanda juu ya paa na viti vyetu, na msimu wa kusi ilibidi kila mtu aweke kiatu juu ya daftari.

Mchana walisoma vijana waliotoka sekondari. Jioni walikuja wafanyakazi wa hoteli, makarani na wauguzi, wengine bado wamevaa sare za kazi. Na shule zikifungwa Aprili, Agosti na Desemba, jengo lilijaa walimu. Hawa walikuwa walimu wa msingi wenye cheti cha P1 waliokuwa wakitafuta digrii kwa likizo zao, na kwa maoni yangu ndio waliokuwa wanafunzi bora kuliko sisi sote. Walitoka Marafa, Garashi, Ganda, Garsen, Hola na Lamu. Waliwaacha watoto kwa bibi zao, wakauza mbuzi ili walipe karo. Desemba ndiyo iliyowatesa zaidi, kwa kuwa mji hujaa wageni wa sikukuu na vyumba vya Maweni na Kisumu Ndogo hupanda bei. Baadhi ya walimu wanaume walilala darasani, wakiunganisha madawati usiku na kuyatenganisha alfajiri. Mlinzi alijua. Mkuu wa tawi alijua pia, ila alijifanya hajui, na kwa hilo Mungu amlipe.

Hatukuwa na basi la chuo. Mhadhiri wetu wa historia alikuwa wa muda, akitoka Mombasa kila Jumamosi, kilomita 120 hivi, kwa nauli aliyotoa mfukoni mwake. Alikuwa na msimamo kwamba mtu hawezi kusomea Malindi historia ya Pwani akiwa ameketi. Alitupeleka kwenye nguzo ya Vasco da Gama, akatusimulia mwaka 1498 tukiwa tumeitazama bahari ile ile, na akatuuliza kwa nini msafiri aliyelala siku chache ana nguzo na waliompokea hawana. Siku nyingine tulipanda matatu, tukashuka Gede, tukatembea kwa miguu hadi magofuni. Akatugawa makundi, akatupa kamba ya kupimia, akatutaka tuchore ramani ya msikiti mkuu na kisima chake. Kundi letu lilikosea vipimo, tukarudishwa tukapime upya juani. Mwaka 2024, UNESCO ilipoitia Gede katika orodha ya urithi wa dunia, nilimpigia simu kumpongeza, maana nilihisi sehemu ya sherehe ni yake. Tulicheka sana. Kisha akaniuliza kama nimesikia lolote kuhusu malipo yake ya mihula mitatu.

Kuna na kumbukumbu ambazo hazitapendeza kwenye kijitabu chenye picha za furaha. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, Lamu iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku na mabasi ya njia ile yakawa yanasafiri kwa msafara wa polisi. Wenzetu wa Lamu walifika darasani wamechelewa, na wengine walikosa karatasi ya asubuhi kabisa. Mkuu wa tawi aliwapangia mtihani mwingine bila fomu wala faini. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi wa rika letu, katika chuo kichanga kama chetu. Likizo ya Aprili ilikuwa ndiyo inaanza. Viti vingi vilikuwa vitupu siku ya kwanza. Wiki ya pili walimu walirudi mmoja mmoja, na tukapanga zamu wenyewe ya kukaa mlangoni na mlinzi.

Hicho ndicho chuo tulichosomea, na tunakipenda. Ndiyo maana yanayofuata yanatuuma.

1. Maksi zilizopotea.

Tunajua kwa nini tawi lilifungwa, na hatuwalaumu kwa hilo peke yake. Waliopata alama ya C+ na zaidi, ile ya kuingilia chuo kikuu, katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, walishuka kutoka 169,492 mwaka 2015 hadi 88,929 mwaka 2016 mitihani ilipobanwa. Serikali ikaanza kuwapeleka wanafunzi wake hadi vyuo vya kibinafsi, wanafunzi wa kujilipia karo wakaadimika, na matawi ya kupanga kote nchini yakawa mzigo. Biashara ni biashara. Lakini waliokuwepo siku ya kuhama waliona makatoni ya karatasi za mitihani yakirundikwa kwenye lori la wazi, chini ya viti na meza, bila orodha ya nani anapeleka nini wapi. Tangu siku hiyo kuna maksi hazijulikani zilipo.

Tuchukue mfano wa mwenzetu mmoja, mwalimu kutoka upande wa Magarini. Transkripti yake ya mwaka wa tatu ina mstari mmoja uliochorwa kistari badala ya alama. Ana kadi yake ya mtihani, imetiwa sahihi na msimamizi siku ile ile. Ana risiti ya karo. Ana hata majaribio ya muhula yaliyosahihishwa kwa wino mwekundu. Alipofika makao makuu aliambiwa arudie somo hilo. Alikubali, maskini, ili yaishe. Akaambiwa somo lenyewe limeondolewa kwenye mtaala mpya, kwa hivyo hawezi kulirudia. Na kwa kuwa hajalirudia, hawezi kuhitimu. Tunaomba mmoja wenu atusomee sentensi hizo tatu kwa sauti katika kikao cha Seneti, atuambie mwalimu huyo afanye nini.

Kwa mwalimu, hati hii ni mkate wake. Kwa mujibu wa Sheria ya Tume ya Kuwaajiri Walimu ya 2012, mtu haruhusiwi kufundisha bila kusajiliwa, na usajili wa kiwango cha digrii unadai cheti na transkripti kamili. Mwenzetu bado yuko kwenye mshahara wa P1, na vijana aliowafundisha darasa la nane wamemaliza chuo na kumpita kwa daraja.

Nieleze jambo moja hapa. Chini ya ngazi za tawi letu alikaa mama aliyetuuzia mahamri na mbaazi, kwa pesa taslimu au kwa deni. Deni aliliandika kwenye daftari lenye jalada la bluu. Juzi nilipita kwake, akalitoa, akafungua ukurasa wa 2014 na kunionyesha jina la komredi wetu mmoja, ambaye siku hizi ni mtu mkubwa, na mahamri sita ambayo hajayalipa hadi leo. Kibanda kimehamishwa, mvua zimenyesha, na hakuna jina lililopotea humo. Chuo kina msajili, wasaidizi wa msajili, kompyuta na stoo yenye kufuli.

2. Kliarensi.

Aliyebahatika kuwa na maksi zote hukutana na fomu ya kliarensi. Fomu hii inataka sahihi ya maktaba kuthibitisha kwamba hudaiwi kitabu. Tawi la Malindi halikuwa na maktaba. Lilikuwa na kabati moja la vitabu, na ufunguo alikaa nao mkuu wa tawi. Inataka sahihi ya idara ya michezo kwamba umerudisha jezi, nasi tulicheza kandanda ufuoni kwa fulana zetu. Inataka sahihi ya msimamizi wa hosteli, kwa watu waliolala juu ya madawati. Na sahihi zote hizi hupatikana makao makuu peke yake, siku za kazi, asubuhi. Mtu wa Lamu hupanda boti hadi Mokowe, apande basi, alale njiani, afike aambiwe mkutubi ametoka kidogo.

3. Mkopo wa Helb haungoji.

Wengi wetu tulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Mkopo huo unaanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayechelewa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Helb haiulizi kama chuo kimekupa cheti. Kwao wewe umemaliza. Kwa mwajiri wewe hujamaliza. Yupo dada mmoja kati yetu, msichana wa Shela ya hapa Malindi, ambaye faini zimekaribia kuufikia mkopo wenyewe, na kila akiitwa kwenye usaili wa kazi huombwa karatasi ambayo mnayo ninyi. Kila mwezi mnaochelewa ninyi, faini anaibeba yeye. Hili hatuoni namna ya kulisema kwa upole zaidi.

4. Ada ya chama cha wahitimu.

Ilikatwa pamoja na ada ya mahafali, kwa kila mtu, kwa lazima. Chama hatujakiona. Hakuna uchaguzi uliofanywa, hakuna mkutano, hakuna hesabu zilizosomwa. Pesa ziko wapi?

5. Wahadhiri wa muda.

Hawa ndio waliolibeba tawi. Wakati wa mgomo wa wahadhiri ulioanza Januari 2017 na kuendelea hadi Machi, vyuo vya umma vilisimama, na hata hivyo baadhi ya wahadhiri wetu walikuja kutusomesha wakituambia tusiwatangaze. Wengine bado wanadai. Wako waliozuia maksi kwa sababu hawakulipwa, na hapo ndipo suala hili linaporudi kwenye namba moja. Hatuungi mkono kuzuia maksi za mwanafunzi kama dhamana. Lakini tunajua kwamba mtu aliyesahihisha karatasi 200 usiku kwa taa ya simu, akaahidiwa malipo muhula baada ya muhula, naye ana watoto. Lipeni watu. Maksi nyingine mtaona zimepatikana wiki hiyo hiyo.

6. Kituo kipya.

Tumesikia mnataka kufungua kituo upande wa Lamu. Hatupingi, tena tunaomba kifunguliwe. Kijana wa Faza au Kizingitini hastahili kuvuka bahari na nusu ya Pwani ili asome. Tunachouliza ni hiki: karatasi zake za mtihani zitahifadhiwa wapi, na nani atatia sahihi kwamba amezipokea? Kama jibu ni lile la Malindi, basi msifungue kwanza.

Waheshimiwa, mtatujibu. Majibu tumeyasikia mengi kwa mdomo, tunayaweka hapa ili tusipotezeane wakati.

Mtasema serikali haileti pesa. Ni kweli, na tangu mfumo wa ufadhili ulipobadilishwa mwaka 2023 kila chuo cha umma kinalia. Lakini transkripti ni karatasi, wino na sahihi, na tuliilipia kabla. Kuitafuta maksi ndani ya katoni hakuhitaji mgao wa bajeti. Kunahitaji mtu, wiki chache, na amri kutoka juu.

Mtasema wahadhiri wahusika waliondoka na maksi. Mkataba wao ulikuwa na chuo. Sisi hatukuwaajiri, hatuwezi kuwafuata majumbani, ingawa ukweli ni kwamba baadhi yetu tumeshawafuata, na wawili walitupa orodha zao za alama tukawaletea, zikakataliwa kwa kuwa hazikupitia “njia rasmi”. Njia rasmi ni ipi ikiwa tawi halipo?

Mtasema mfumo wa kompyuta ni mpya na rekodi za zamani zinaingizwa polepole. Sawa. Polepole hiyo ina tarehe? Wanaoingia mwaka huu majina yao yamo kwenye mfumo siku wanayolipa karo.

Mtasema tunachafua jina la chuo. Jina hilo limeandikwa juu ya vyeti vyetu. Likishuka, tunashuka nalo, kila tunapokaa mbele ya mwajiri. Hakuna mtu duniani mwenye sababu kubwa ya kulilinda kuliko sisi. Na wapo miongoni mwenu watakaosema hii ni kelele ya watu wachache wa tawi lililokufa. Wachache hao ndio mliotupiga picha za matangazo juu ya paa lile, mkazibandika barabarani kutafuta wanafunzi wengine.

Tunachoomba ni haya, na tumejaribu kuomba linalowezekana.

Kwanza, ndani ya siku 21 mtoe orodha ya kesi zote za tawi la Malindi ambazo hazijakamilika, kwa nambari za usajili bila majina, kila moja ikiwa na kinachokosekana na afisa anayeishughulikia. Siku 21 hatukuzibuni. Ndizo zilizowekwa na kifungu cha 9 cha Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 kwa afisi ya umma kutoa uamuzi juu ya ombi la habari. Sheria hiyo hiyo inaitaka afisi kurekebisha kwa gharama yake habari za mtu zilizo na makosa au zisizokamilika, na Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa mtu haki ya kusahihishiwa habari potofu zinazomwathiri. Kila mmoja wetu ameambatisha ombi lake binafsi kwa maandishi, yakafikishwa afisini mwenu siku moja na barua hii.

Pili, Seneti ikae kikao maalumu juu ya maksi zilizopotea. Pale penye kadi ya mtihani iliyotiwa sahihi, majaribio yaliyosahihishwa au orodha ya mhadhiri, vikubaliwe kama ushahidi. Pale ambapo hakuna kitu kabisa, mwanafunzi apewe mtihani mwingine bila ada, hapa Malindi, kwa somo lile au linalolingana nalo. Kumwambia arudie somo lililofutwa kukome.

Tatu, msajili alete meza yake Malindi. Wiki moja tu inatosha, katika ukumbi wowote wa mji, wakiwa na mtu wa maktaba, wa fedha na wa hosteli, wenye mihuri yao. Ifanywe wakati wa likizo ya shule ili walimu waweze kufika. Ukumbi tutatafuta sisi, na chai tutaandaa.

Nne, mtoe barua kwa Helb kwa kila ambaye kuchelewa kwake kumetokana na chuo, mkieleza hivyo waziwazi, ili aweze kuombea faini zake msamaha akiwa na kitu mkononi.

Tano, hesabu za ada ya wahitimu zitolewe, na uchaguzi wa chama uitishwe. Na wahadhiri wa muda wa Malindi waambiwe kwa maandishi watalipwa lini.

Kuhusu kijitabu, tumekiona kielelezo chake. Historia ya chuo inaanzia kwenye lango jipya na jengo la kisasa. Malindi haimo hata kwa sentensi moja, isipokuwa picha mbili za juu ya paa ambazo chini yake pameandikwa “wanafunzi wakifurahia mandhari”. Wale hawakuwa wakifurahia mandhari. Umeme ulikuwa umekatika, na walikuwa wakisoma sintaksia. Kama mtakichapisha, tunaomba kurasa za tawi letu ziwemo, na ziandikwe na waliokuwepo, pamoja na mihula ya mgomo, wenzetu wa Lamu na walimu waliolala madarasani. Hadi haya ya juu yajibiwe, tunaondoa idhini tuliyotoa ya kutumia picha na maandishi yetu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuondoa idhini yake wakati wowote, nasi tumeitumia leo. Majina ya wanaoondoa idhini yamo katika orodha mliyoletewa kwa mkono. Mwenye kijitabu afisini anaweza kuanza kuzitoa picha hizo.

Siku 21 zikipita bila jibu, ombi letu litakwenda kwa Ombudsman, mpokezi wa malalamiko ya umma, ambaye ndiye msimamizi wa sheria ile ya habari, na malalamiko juu ya rekodi yatakwenda kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Tungependa tusifike huko. Tuko tayari kukutana nanyi siku yoyote mtakayotaja, hapa au huko, mradi kikao kiandikwe kumbukumbu na kila upande upate nakala yake iliyotiwa sahihi.

Wenu kwa heshima,

Mhitimu wa Elimu (Kiswahili na Historia),
kwa niaba ya wanafunzi wa zamani wa tawi la Malindi walioidhinisha barua hii.

Nakala:
Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu
Afisi ya Ombudsman
Wahadhiri wa muda wa lililokuwa tawi la Malindi